Kurudi Maple Grove kwa Mwendo wa Machipuko: Mwongozo kwa Wenzi Wanaosafiri na Mbwa katika Gari-nyumba

Katika vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, hasa Brooklyn Park, Brooklyn Center na Maple Grove, wamekaa kwa miaka mingi watu wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwa wengi miongoni mwao, na wale waliofika wakiwa vijana katika miaka ya 1990 sasa wanafikia umri wa kustaafu, watoto wamekua, na baridi ya Minnesota inawaingia mifupani kuliko zamani. Wapo wanaopitisha miezi ya baridi kwa ndugu au watoto wao huko Dallas na Fort Worth, Texas, ambako pia kuna Wakenya wengi, kisha hurudi nyumbani barafu inapoyeyuka. Mwongozo huu unahusu safari hiyo ya kurudi inapofanywa na mume na mke pamoja na mbwa wao katika gari-nyumba, yaani gari lenye injini yake ambalo ndani yake vimejengwa kitanda, jiko, friji, choo na bafu, na ambalo kwa hiyo ni tofauti na kibanda cha kukokotwa nyuma ya gari jingine. Hoja yake kuu ni kwamba mwendo wa taratibu katika safari ya namna hii si anasa ya wastaafu bali ni kanuni ya usalama, kwa sababu majira yenyewe husafiri taratibu, na anayeyapita njiani huikuta nyumba yake bado imo katika baridi.

Kalenda kabla ya ramani

Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Andrew Delmar Hopkins, alieleza mwaka 1918 kanuni isemayo kwamba, mambo mengine yakiwa sawa, dalili za majira ya machipuko kama vile kuchanua kwa miti huchelewa kwa takriban siku nne kwa kila digrii moja ya latitudo mtu anapoelekea kaskazini. Dallas iko karibu na latitudo 33 na Maple Grove iko karibu na latitudo 45, kwa hiyo tofauti ni digrii 12, na hesabu inatoa siku 48, ambazo ni karibu wiki saba. Kwa kuwa digrii moja ni kilomita 111 hivi, machipuko hupanda kaskazini kwa kilomita 28 hivi kwa siku, mwendo ambao mtu mwenye miguu mizuri angeumaliza kati ya alfajiri na alasiri. Gari-nyumba, kwa upande wake, linaweza kuumaliza umbali wote wa takriban kilomita 1,500 kwa siku mbili, na hapo ndipo penye hatari: wenzi wanaoondoka Dallas mwishoni mwa Machi, miti ikiwa imeshavaa majani, hufika Minnesota maziwa yakiwa bado yamefunikwa na barafu.

Hatari hiyo inakaa ndani ya mabomba. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mabomba membamba ya plastiki yanayopita chini ya sakafu ya gari-nyumba, pamoja na pampu na koki zake, hayana nafasi ya kuuvumilia mtanuko huo, kwa hiyo hupasuka kimyakimya usiku na kuanza kuvuja siku ambayo joto limerudi na msafiri ameshasahau. Dallas kwa kawaida huagana na usiku wa kugandisha katikati ya Machi, ilhali katika eneo la Minneapolis usiku wa namna hiyo hufika mwisho wa Aprili na mara nyingine huingia Mei. Ushauri unaotokana na hesabu hii ni kuondoka Dallas katikati ya Aprili na kuingia Maple Grove katika siku za kwanza za Mei, yaani kuipa safari wiki mbili na nusu hadi tatu. Anayelazimika kufika mapema, mathalani kwa sababu zamu zake za kazi hospitalini zinamsubiri, na asafiri na mabomba makavu, atumie maji ya madumu kwa kupikia na kunywa, na mabafu ya kambini kwa kuoga.

Hata kwa anayesafiri kwa wakati wake, usiku mmoja wa baridi kali unaweza kumkuta Kansas au Iowa. Utabiri unapotaja nyuzi sifuri za Selsiasi au chini yake, wenzi wajaze tangi la ndani kabla ya giza, wauchomoe mpira wa maji kutoka kwenye bomba la kambi na kuumwaga wote, kisha wafungue milango ya makabati yaliyo chini ya sinki ili joto la ndani liyafikie mabomba. Hita ya gesi hutegemea feni inayoendeshwa na betri, hivyo betri dhaifu humwacha msafiri bila joto ingawa mtungi wa gesi umejaa.

Mabomba yaliyolala msimu mzima yakiwa na dawa ya kuzuia kuganda huhitaji kusafishwa kabla ya matumizi. Dawa inayofaa ni ile ya rangi ya waridi, iliyotengenezwa kwa propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo. Isichanganywe kamwe na ile ya injini inayotengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ina ladha tamu inayomvuta mbwa na ambayo hata kiasi kidogo chake huharibu figo zake na kumuua. Baada ya kusukuma dawa yote nje kwa maji safi, tangi hutiwa jiki isiyo na manukato kwa kipimo cha robo kikombe, karibu mililita 60, kwa kila galoni 15, yaani lita 57 za maji. Kila koki hufunguliwa, ya moto na ya baridi, mpaka harufu ya klorini isikike puani, kisha maji hayo huachwa yatulie usiku kucha na asubuhi humwagwa na kusuuzwa mpaka harufu iishe. Kazi hii huchukua siku moja, na ni afadhali ifanywe Dallas, mahali penye jua na ndugu wa kusaidia, kuliko kando ya barabara.

Kulikagua gari

Magari-nyumba hugawanywa katika madaraja matatu: daraja A ni lile kubwa lenye umbo la basi, daraja B ni gari la mizigo lililogeuzwa ndani kuwa chumba, na daraja C ni lile linalotambulika kwa kitanda kilichoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Kwa watu wawili na mbwa mmoja, daraja C dogo au daraja B linatosha. Ukubwa unaozidi hapo huongeza gharama ya mafuta na hofu ya upepo bila kuongeza raha kwa kiwango hichohicho. Leseni ya kawaida ya Minnesota, inayoitwa daraja D, inamruhusu mtu kuendesha gari-nyumba la matumizi yake binafsi.

Matairi ya gari linalosimama miezi mingi huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna mfuatano unaoishia na tarakimu nne, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 1822 humaanisha wiki ya 18 ya mwaka 2022. Tairi lenye umri wa zaidi ya miaka sita au saba linastahili kutiliwa shaka hata kama kashata zake bado ni nzima. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na gari lipimwe likiwa limejaa kila kitu, pamoja na maji, kwenye mizani ya vituo vya malori, kwa maana watu wa pwani na bara hawajui kusafiri mikono mitupu, na magunia ya mchele na unga wa ugali yaliyonunuliwa Dallas yana uzito wake.

Kimo cha gari kiandikwe kwa futi na inchi kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva, kwa sababu mabango ya madaraja ya Marekani hutumia vipimo hivyo, na dereva aliyezoea mita hana muda wa kugeuza hesabu akiwa mwendoni. Kimo hicho kipimwe hadi juu ya kiyoyozi cha paani, ambacho ndicho kinachogonga kwanza.

Mbwa kama msafiri wa tatu

Katika nyumba nyingi za Waswahili mbwa hulala nje na kazi yake ni kulinda. Katika gari-nyumba hali inageuka, naye anaishi katika chumba kimoja na wenye gari kwa wiki tatu. Inafaa awe na mahali pake maalumu penye godoro lake, bakuli zake zisizochanganyika na vyombo vya jikoni, na mkanda wa kifuani unaofungwa kwenye mkanda wa kiti, kwa kuwa mbwa aliye huru ndani ya gari linalofunga breki ghafla huwa kama jiwe lililorushwa. Mlo wake mkubwa uwe jioni baada ya kufika, na kila baada ya saa mbili za mwendo ashushwe, anyweshwe na kutembezwa.

Kwa msomaji ambaye ndugu zake njiani ni Waislamu, kuna suala la adabu linalohitaji kutangulizwa kwa simu, si kusubiriwa mlangoni. Wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanayahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mgeni anayeliheshimu jambo hili huegesha gari uani, humwacha mbwa humo mmoja wa wenzi akibaki naye au kwa zamu fupi, na huhakikisha kwamba nguo anazoingia nazo na mkeka wa kuswalia anaoubeba kwa ajili ya wageni wake havijaguswa naye. Gari-nyumba kwa kweli huurahisisha undugu hapa, kwa sababu mwenyeji halazimiki kumkaribisha mnyama ndani wala mgeni halazimiki kumtafutia mbwa pa kulala.

Kabla ya safari mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ndicho kinachoulizwa zaidi kambini, na baadhi ya majimbo hutaka pia cheti cha afya kwa mnyama anayevuka mpaka. Texas ina mbu wanaoeneza minyoo ya moyo, ambayo hukua ndani ya moyo na mishipa ya mapafu, na Minnesota ina kupe wa paa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, ambao huanza kutembea mara tu hali ya hewa inapozidi nyuzi chache juu ya sifuri, majani yakiwa bado hayajatoka. Dawa za kinga dhidi ya vyote viwili zisikatizwe safarini. Kila jioni mmoja wa wenzi apitishe vidole taratibu dhidi ya mwelekeo wa manyoya, nyuma ya masikio, makwapani na katikati ya vidole vya miguu. Kupe aliyeng'ang'ania huhisiwa kama punje ya mtama kabla ya kuonekana, naye hukamatwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kuminywa. Texas na kusini mwa Oklahoma kuna pia mbigili zinazochoma nyayo, sisimizi wakali na nyoka aina ya kayamba wanaotoka kuota jua mwezi Aprili, hivyo mwenye mbwa aikague nyasi kabla hajamteremsha.

Joto ndani ya gari lililofungwa ndilo adui anayedharauliwa. Siku ya nyuzi 21 tu za Selsiasi, ambayo mtu huiona ya kupendeza, hewa ndani ya gari hufika karibu nyuzi 40 katika nusu saa. Sheria ya Minnesota inakataza kumwacha mbwa au paka garini katika hali inayohatarisha uhai au afya yake. Kiyoyozi cha gari-nyumba si dhamana, kwa kuwa umeme wa kambi hukatika. Anayelazimika kutoka na afunge kipima joto kinachopeleka taarifa kwenye simu, na asiende mbali.

Njia yenyewe

Barabara kuu ya I-35 huanzia Laredo mpakani mwa Mexico na kuishia Duluth kaskazini mwa Minnesota, na kwa msafiri wa Dallas hupita Oklahoma City, Wichita, Kansas City na Des Moines. Wenye magari-nyumba wana kanuni ya tatu-tatu-tatu: mtu asizidi maili 300, karibu kilomita 480, kwa siku, afike kambini kabla ya saa tisa alasiri, na alale usiku tatu kabla ya kuondoka tena. Kwa safari hii hata maili 300 ni nyingi. Kilomita 250 kwa siku ya kuendesha zinatosha.

Kituo cha kwanza kinachofaa ni bustani ya jimbo ya Lake Murray, karibu na Ardmore, Oklahoma. Kambini humo, kama kwingineko, msafiri ataulizwa kama anataka umeme wa ampea 30 au 50, jambo linalotegemea waya wa gari lake, na atatumia kituo cha maji taka. Gari lina matangi mawili ya uchafu, moja la choo na jingine la maji ya sabuni kutoka sinki na bafu. Vali ya tangi la choo hubaki imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa, kwa kuwa ikiachwa wazi maji hutiririka na kuacha kinyesi kikikauka humo, kisha humwagwa la choo kwanza na la sabuni baadaye ili maji ya sabuni yausuuze mpira.

Oklahoma na Kansas ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko kote, kwa kuwa Aprili, Mei na Juni ni miezi ya tonado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kutoka wingu la radi hadi ardhini. I-35 hupita katikati ya mji wa Moore, ambako tonado ya tarehe 20 Mei 2013 iliua watu 24, na hupita Norman, kilipo kituo cha taifa cha kutabiri dhoruba kali. Msafiri ajifunze tofauti ya matangazo mawili: tahadhari humaanisha kwamba hali ya hewa inaweza kuzaa tonado, na hapo wenzi huvaa viatu, humfunga mbwa kamba na kujua jengo imara liko wapi; onyo humaanisha kwamba tonado imeonekana kwa macho au kwa rada, na hapo wote watatu huondoka garini papo hapo. Gari-nyumba si kimbilio, hata likiwa kubwa kiasi gani. Swali la kwanza la kumuuliza mhudumu wa kambi, kabla ya bei, ni hili: kimbilio la dhoruba liko wapi, na je, mbwa anaruhusiwa kuingia? Redio ya hali ya hewa inayotumia betri inastahili nafasi kando ya kitanda, kwani simu hukosa mtandao wakati uleule inapohitajika.

Kati ya Wichita na Emporia barabara hupita katika vilima vya Flint Hills, sehemu kubwa ya mwisho ya mbuga ya majani marefu iliyobaki Amerika Kaskazini, ambayo haikulimwa kwa sababu ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi. Wafugaji huichoma mbuga hiyo kila mwaka, hasa mwezi Aprili, ili majani machanga yatoke kwa ajili ya ng'ombe, na Mswahili aliyekulia karibu na nyika ataitambua harufu hiyo kabla hajauona moshi. Moshi unapotanda barabarani taa ziwashwe na mwendo upunguzwe. Hifadhi ya taifa ya Tallgrass Prairie, karibu na Strong City, ina nyati wa Marekani, na mbwa hukubaliwa katika baadhi tu ya njia zake. Wiki mbili baada ya moto vilima vyeusi hugeuka kijani kibichi chote, na hapana sehemu nyingine ya njia hii inayostahili zaidi usiku tatu kamili. Barabara ya kulipia ya Kansas haipokei tena fedha taslimu, hivyo ankara hutumwa kwa anwani ya mwenye gari.

Kaskazini mwa Des Moines, mji ambako Kiswahili husikika miongoni mwa familia kutoka Kongo na Burundi, ziwa la Saylorville lina kambi zinazosimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambako wenye umri wa miaka 62 na zaidi, raia na wakazi wa kudumu pia, hulipa nusu wakiwa na pasi ya wazee ya hifadhi za taifa. Hapa ndipo mahali pa kungoja ikiwa utabiri wa Minnesota bado unataja barafu. Mbele zaidi, magharibi mwa barabara, uko mji wa Forest City, Iowa, ambako kampuni ya Winnebago ilianzishwa mwaka 1958 na kutoa magari-nyumba yake ya kwanza mwaka 1966.

Kuingia nyumbani

Kusini mwa Minneapolis, katika mji wa Burnsville, I-35 hugawanyika, na msafiri wa Maple Grove hushika tawi la magharibi kisha huingia I-494, ambayo hupita Eden Prairie, Minnetonka na Plymouth kabla ya kumfikisha. Kabla ya kuegesha uani aulize masharti ya mji na ya chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa wake, kwa kuwa vyama hivyo mara nyingi huweka kikomo cha siku ambazo gari-nyumba linaweza kuonekana mbele ya nyumba. Matangi ya uchafu yamwagwe kwenye kituo kabla ya kufika, friji iachwe wazi ikauke, na mbwa apimwe minyoo ya moyo na Lyme kwa daktari wake. Katika hifadhi ya Elm Creek, yenye eka zipatazo 4,900, kuna uwanja ambamo mbwa mwenye kibali hukimbia bila kamba, na baada ya wiki tatu za kamba ya futi sita ana haki ya kupelekwa huko mapema.

Jambo la mwisho linahusu masikio. Wenzi na mbwa waliopita Oklahoma wakiwa macho usiku wasishtuke wakisikia ving'ora katika kata ya Hennepin, ilimo Maple Grove, saa saba kamili mchana, Jumatano ya kwanza ya mwezi, mbingu ikiwa nyeupe: hayo ni majaribio ya kila mwezi. Ving'ora vikilia siku nyingine yoyote, au saa nyingine, vichukuliwe kuwa vya kweli, na mahali pa kwenda ni ghorofa ya chini ya ardhi.